Mhuri wa Alhamisi

Mtu akikaa kaunta moja miaka ishirini na saba, miguu yake hujua mambo ambayo kichwa kimeshaacha kuyafikiria. Miguu ya Mama Mhuri ilijua kwamba kutoka kaunta hadi kabati la kesi za madai ni hatua tisa, hadi kabati la mirathi kumi na nne, na kwamba ukipita karibu na dirisha kuna ubao wa sakafu unaolia kama paka aliyekanyagwa. Siku hizi ilijua na ngazi za chuo. Zilikuwa hamsini na tatu, moja kwa kila mwaka wa umri wake, kama vile fundi aliyezijenga alikuwa amemsubiri yeye. Lifti ilikuwapo, ila ilibandikwa karatasi iliyoandikwa "Inatengenezwa" tangu siku aliyojiandikisha, na karatasi yenyewe ilikuwa imeshageuka rangi ya chai.

Alikuwa karani wa masjala ya mahakama, chumba ambacho kila kesi lazima ipite kabla hakimu hajaiona. Anapokea karatasi za watu, anazigonga mhuri wa tarehe, anaziandika kwenye rejista, anazitoboa na kuzifunga kwenye faili kwa uzi. Basi. Kazi haikumpa ruhusa ya zaidi ya hapo, na hicho kisicho na ruhusa ndicho kilichompeleka chuoni uzeeni.

Maana kulikuwa na sentensi moja ambayo makarani wote walifundishwa siku ya kwanza, nayo ilining'inia ukutani ndani ya fremu: Hapa hatutoi ushauri wa kisheria. Mama Mhuri alikuwa ameisema mara nyingi mpaka akawa anaisema usingizini. Mumewe ndiye shahidi. Aliisema hata pale alipokuwa anajua jibu. Alimwambia mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, aliyekuja na ombi lake la rufaa likiwa halina nakala ya hukumu. Mzee alirudi wiki ya pili na nakala isiyothibitishwa. Akarudi wiki ya tano na nakala safi, imethibitishwa kila ukurasa, ila muda wa rufaa ulikuwa umekwisha siku tatu nyuma. Mzee hakugombana. Alikunja karatasi zake akaziweka ndani ya kofia, akaivaa, akaondoka. Na Mama Mhuri alikuwa anajua kinachokosekana tangu siku ile ya kwanza.

Mwaka uliofuata akaenda kununua fomu ya kujiunga na sheria, masomo ya jioni.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu kati ya mitano, na alikuwa amechoka uchovu ule wa mifupa, ambao usingizi wa siku moja hauugusi. Somo lililokuwa limemkalia kooni lilikuwa utaratibu wa kesi za madai. Ndiyo, hilohilo, kazi yake ya kila siku. Watu walivunjika mbavu waliposikia. Mara ya kwanza alisinzia ndani ya chumba cha mtihani. Kalamu ikateleza kutoka swali la pili ikachora mstari mrefu mpaka kwenye meza, na msimamizi akamwamsha wenzake wakiwa wanakusanya karatasi. Mara ya pili hakulala. Aliandika kurasa kumi na moja, akaandika mambo yanavyofanyika mahakamani, si yanavyoandikwa kitabuni. Mwalimu akamrudishia na maneno ya wino mwekundu: "Haya umeyatoa wapi?"

Kanuni ya chuo ilikuwa haina mzaha. Ukianguka somo moja mara tatu, jina linafutwa. Huhamishwi wala hurudii mwaka. Unarudisha kitambulisho getini.

Mara hii ya tatu mwalimu alisema hakuna mtihani wa kuandika darasani. Kutakuwa na mahakama ya mazoezi. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega, umri wa mwanawe wa kwanza.

"Kila mmoja ataleta hoja zake za maandishi," alisema. "Hizo ni alama arobaini. Jumamosi mtasimama mbele yangu kuzitetea kwa mdomo. Hizo ni sitini. Pasi ni hamsini. Hoja ziwe zimepokelewa Alhamisi, mwisho saa tisa na nusu alasiri, zina mhuri. Kisicho na mhuri mbele yangu hakipo. Sasa, nataka mtu wa kukaa masjala."

Darasa zima likageuka nyuma, kwenye kiti cha pembeni ya dirisha.

"Mama Mhuri!"

"Jamani," akasema, "hata huku?"

"Mama, wewe ndiye unayejua. Sisi tutapoteza mpaka faili lenyewe."

"Na mimi kesi yangu?"

"Kwani inakuzuia nini, mama? Si utakuwa hapohapo?" alisema msichana wa mstari wa mbele, yule waliyemwita Risasi kwa jinsi anavyozungumza, bila nukta wala pumzi. Na Risasi ndiye aliyepangwa kuwa mpinzani wake.

Kesi waliyopewa wawili hao ilikuwa ya fundi cherehani mmoja wa kubuni. Alishtakiwa na mwenye nyumba, hakufika mahakamani, akahukumiwa hayupo. Sasa anaomba hukumu ifutwe kwa sababu samansi ya kumwita mahakamani hakuiona. Ilibandikwa kwenye mlango wa duka ambalo mwenye nyumba mwenyewe alikuwa ameshalifunga kwa kufuli. Mama Mhuri alikuwa upande wa fundi. Risasi upande wa mwenye nyumba.

Hoja zake Mama Mhuri aliziandika vipande vipande, asubuhi kabla ya kazi na mchana watu wakila. Mumewe alikuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipomkatalia. Sasa alikuwa mtu wa nyumbani, anapika, anafua, anatoa maoni.

"Wakili," alimwita, ndivyo alivyokuwa akimwita tangu siku ya fomu, nusu utani nusu heshima. "Ile fomu ya likizo umeipeleka?"

"Nitaipeleka."

"Niliijaza mwezi wa pili. Nilibakiza sahihi yako tu."

"Iko kwenye mkoba, baba watoto. Nikipata nafasi."

"Mtu anakaa palepale pa kupokelea karatasi, hana nafasi ya kupeleka karatasi," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku. Chuoni wakamwekea meza kwenye korido, mlango wa chumba cha darasa nyuma yake, na juu ya meza rejista mpya, uzi, kitoboleo, kidau cha wino na mhuri wa tarehe wa magurudumu, ule unaozungusha siku kwa kidole. Akauzungusha mpaka Alhamisi. Akaanza.

Walikuja kwa mafungu kama wanavyokuja popote: wa mapema wachache, wengi dakika za mwisho. Aliyeleta karatasi bila kurasa kuhesabiwa alimrudisha. Aliyesahau sahihi alimpa kalamu bila kusema neno. Kijana mmoja alitaka kumwachia tu mezani awahi mpira.

"Rudi hapa," Mama Mhuri akamwambia. "Karatasi haiachwi kama mtoto kwa jirani. Subiri igongwe ukiona kwa macho yako."

"Mama, si nakuamini?"

"Usimwamini karani hata siku moja. Simama hapo."

Watu wakacheka. Akagonga. Kila hoja iliyopokelewa aliiingiza kwenye rejista kwa mwandiko wake wa kulala, akaitoboa, akaifunga kwenye faili la kesi yake. Faili la fundi cherehani lilipofika mkononi alichukua hoja zake mwenyewe kutoka kwenye mkoba, kurasa sita, akazinyoosha kwa kiganja, akazitoboa, akazifunga mahali pake. Nakala ya kumpa Risasi akaiweka pembeni. Halafu mtu mwingine akasema, "Mama, yangu hii," naye akanyoosha mkono.

Saa tisa na nusu ilipofika akasimama kufunga mlango wa korido, ule wa ngazini. Kwenye masjala yake kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote, makarani waliirithishana tu: saa ya kufunga ikifika, aliye na mguu ndani amefika. Hata foleni ikienda saa nzima zaidi, tarehe yake ni ya leo. Alikuwa ameusukuma mlango nusu aliposikia viatu vinapanda ngazi, kwa haraka, na sauti isiyo na nukta:

"Mama-usifunge-printa-imekwama-nimekuja-nakimbia-tangu-stendi-mama!"

Mama Mhuri aliangalia saa ya ukutani. Mshale ulikuwa unagusa. Akauweka mguu wake mwenyewe kati ya mlango na fremu, akausimamisha hapo mpaka Risasi akaingia, jasho linamtiririka, karatasi zimelowa pembeni.

"Weka mezani. Vuta pumzi kwanza, usije ukanizimikia kwenye rejista."

Akagonga. Alhamisi. Akampa nakala yake ya hoja za upande wa fundi, akamsainisha kwamba ameipata.

"Mungu akupe maisha marefu, mama."

"Anipe usingizi tu. Nenda."

Jumamosi asubuhi chumba kilipangwa kama mahakama. Meza ya mwalimu iliinuliwa juu ya jukwaa la mbao, viti viwili mbele, wengine nyuma kama watazamaji. Mwalimu alipoingia, Mama Mhuri aliyekuwa amekaa kiti cha wakili aliruka na kupaza sauti, "Kortiii!" kama alivyopaza maelfu ya mara siku ambazo mpiga mbiu wa mahakama hakuja kazini. Darasa zima likasimama, kisha likacheka. Hata mwalimu alijiuma mdomo.

"Asante, wakili. Leo kuna mtu mwingine wa kazi hiyo."

Akakaa, masikio yanawaka.

Kesi yao iliitwa. Yeye ndiye mwombaji, alipaswa kuanza, lakini kabla hajafungua mdomo Risasi alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, nina pingamizi."

"Sema. Polepole."

"Mheshimiwa, nimepitia faili la mahakama asubuhi hii kama kanuni inavyoniruhusu. Hoja za mwenzangu zimo ndani ya faili lakini hazina mhuri. Kwenye rejista hazimo. Kwa hiyo, kwa maneno yako mwenyewe mheshimiwa, hazipo. Naomba ziondolewe."

Mwalimu alifungua faili. Akageuza kurasa. Akachukua rejista, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akarudia.

Ilikuwa kweli. Kurasa sita, zimenyooshwa, zimetobolewa sawasawa, zimefungwa kwa fundo zuri kuliko mafundo yote. Mhuri hamna. Miaka ishirini na saba karatasi zilikuwa zinamjia kutoka upande wa pili wa kaunta; hizi hazikutoka upande wa pili. Zilitoka mkobani mwake, zikapita mikononi mwake, na mikono ikaona kila kitu tayari.

"Arobaini zinaondoka," mtu akanong'ona nyuma. "Atabaki na sitini za mdomo, na huyu mama hajawahi kusema darasani..."

"Nyamaza wewe."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Natoa dakika kumi. Nataka kusoma kanuni kabla sijaamua. Faili na rejista vibaki mezani."

Wote wakatoka koridoni. Mama Mhuri peke yake akabaki kitini. Mezani mbele yake kulikuwa na faili, rejista, kidau cha wino, na mhuri. Alijua bila kutazama kwamba magurudumu ya mhuri bado yanasoma Alhamisi, kwa sababu hakuna mtu aliyeyagusa tangu siku ile.

Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mstari mmoja mtupu ulikuwa umebaki chini ya ukurasa wa rejista, kana kwamba ulimwekewa. Angesema Risasi hakutazama vizuri. Nani angembishia? Na Risasi mwenyewe, je, hakupita mlangoni kwa mguu wa nani?

Akauchukua mhuri. Aliwaza kwamba akigonga sasa atakwenda kulala. Atalala leo mchana kutwa. Aliwaza mzee wa kofia ya sufu, siku tatu zilizompita, ambazo kidole kimoja kwenye gurudumu kingezirudisha, na yeye hakukipeleka kidole hicho. Kama hakumrudishia mzee yule, atajirudishia vipi yeye?

Akaweka kidole gumba kwenye gurudumu, akazungusha mbele. Ijumaa. Jumamosi. Akapuliza vumbi, akagonga juu ya ukurasa wake wa kwanza, paa, akaandika saa: nne na dakika kumi. Akaingiza kwenye rejista mstari ule wa mwisho, jina lake kwa mwandiko wake wa kulala. Lilikuwa jina geni kuliona pale.

Walipoingia tena alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, kabla hujaamua. Mwenzangu amesema kweli, hoja zangu hazikupokelewa Alhamisi. Zimepokelewa leo, dakika chache zilizopita. Ziko nje ya muda kwa siku mbili. Naomba ruhusa ya mahakama ziingie hivyohivyo zilivyochelewa."

Risasi aliruka. "Napinga! Ruhusa ina masharti mheshimiwa, lazima atoe sababu!"

"Sababu, wakili?" mwalimu akauliza.

Mama Mhuri alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kitabuni, alikuwa ameyakariri, mambo ya dharura na hali zilizo nje ya uwezo. Hayakuja hata moja.

"Nilisahau kwamba na mimi nina kesi," akasema.

Mwalimu aliinua kalamu.

"Hiyo ni sababu ya kisheria?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni ya kweli tu. Nilipokea karatasi za watu thelathini na wanane siku hiyo. Ya thelathini na tisa ilikuwa yangu, sikuiona kama ni karatasi ya mtu." Akaionyesha rejista kwa kidole. "Lakini ya kisheria ninayo pia. Upande wa pili haukuumia. Nakala aliipata Alhamisi ileile na alisaini. Naomba mahakama imuulize kama hakuisoma."

Mwalimu akamgeukia Risasi. Risasi, kwa mara ya kwanza tangu chuo kimjue, alikawia kujibu.

"Nimeisoma, mheshimiwa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Tatu."

"Una jingine? Kuhusu muda labda, upande wowote?" Mwalimu alikuwa anamtazama Mama Mhuri alipouliza hivyo, maana hadithi ya printa na mguu mlangoni ilikuwa imeshazunguka chuo kizima.

"Sina, mheshimiwa," akasema Mama Mhuri. "Zake zina mhuri wa Alhamisi. Mhuri huo niliugonga mimi."

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Na nani alimpa mtu mmoja kaunta na kesi kwa wakati mmoja?" Wote walijua ni yeye mwenyewe. "Haya. Zinapokelewa nje ya muda. Alama za maandishi zitakatwa nusu. Sasa nisikie huyo fundi cherehani wako."

Akazungumza. Hakuzungumza vizuri sana, wala tusitie chumvi. Alirudia maneno, alipoteza ukurasa, sauti ilikwama katikati. Ila alipofika kwenye samansi iliyobandikwa mlangoni alisahau kama anafanya mtihani. Alieleza samansi alizoziona zikirudi masjala, zimeandikwa kwa penseli "hakupatikana", na chini yake sahihi ya mpeleka samansi ambaye hakushuka hata kwenye pikipiki. Alieleza kufuli: atakayesoma karatasi iliyobandikwa kwenye duka lililofungwa ni yule aliyelifunga. Risasi alijibu kwa kasi yake, akajibu vizuri.

Majibu yalibandikwa mchana uleule. Hamsini na moja.

Risasi alimkuta juu kabisa ya ngazi, amekaa, kiatu kimoja amekivua.

"Mama, umenikasirikia?"

"Kwa lipi? Ulifungua faili ukatazama. Wenzako wangapi walifungua?"

"Ungeweza kusema yangu ilichelewa."

"Mguu ulikuwa ndani."

"Mguu wako, mama."

"Sikusema wa nani." Akakivaa kiatu. "Nishike mkono. Zimebaki hamsini na tatu, nazo za kushuka ndizo zinazouma magoti."

Nyumbani mumewe alimpokea mkoba, akamtazama usoni, hakuelewa. "Wakili. Umepita au hukupita?"

"Nimepita. Hamsini na moja."

"Pasi ni ngapi?"

"Hamsini."

"Sasa hiyo moja ya nini?"

"Ya kukaa," akasema, akakaa. Alilala palepale kwenye kiti, jua likiwa bado kali, na mumewe akamvua viatu.

Jumatatu alifika masjala kama kawaida, akafungua madirisha, akakanyaga ubao unaolia. Kisha, kabla mlango wa watu haujafunguliwa, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Akaitia sahihi. Akazunguka, akatoka kwa mlango wa makarani, akaingia kwa ule wa watu, akasimama mbele ya kaunta.

Karani wa mirathi, mwenzake wa miaka mingi, aliinua macho. "Umepotea, mwenzangu?"

"Nimeleta fomu ya likizo."

"Si ungeniachia tu humu ndani?"

Upande huu kaunta ilikuwa juu zaidi. Ilimfika kifuani. Hakuwahi kujua.

"Pokea," Mama Mhuri akasema, akaisukuma karatasi juu ya ubao. "Na ugonge nikiona."